Tarikhi ya Vumbi la Mirihi

Miongoni mwa sayari zinazolizunguka jua pamoja na dunia yetu, hapana hata moja ambayo hali ya hewa yake imeandikiwa tarikhi ndefu kama Mirihi. Zuhura imejifunika mawingu mazito yasiyopasuka hata siku moja, na wanafalaki waliitazama karne baada ya karne bila ya kuuona uso wake. Mushtari na Zohali ni matufe makubwa ya hewa yasiyo na nchi kavu. Na Utaridi haina anga ya kutajika. Mirihi peke yake, kwa wepesi wa anga yake, ndiyo iliyowaruhusu watu waone kupitia vioo vya darubini majira yakija na kupita, weupe wa ncha zake ukikua na kupungua, na mawingu yakitanda na kutanduka. Na katika yote hayo waliyoyaona, lililowaudhi zaidi na kufahamika mwisho lilikuwa ni vumbi. Kwa zaidi ya karne moja na nusu vumbi lilihesabiwa kuwa pazia la kuwazuilia watazamaji kazi yao, ilhali lenyewe ndilo lililokuwa habari kubwa ya hali ya hewa ya huko. Na namna dhana hiyo ilivyogeuka ndiyo nitakayoieleza hapa.

Aliyeufungua mlango wa elimu hii kwa vipimo alikuwa William Herschel, mwenyeji wa Hanover aliyehamia Uingereza na kujipatia riziki kwa muziki kabla ya kushika kazi ya kutengeneza darubini kwa mikono yake mwenyewe. Baina ya mwaka 1777 na 1783 aliitazama Mirihi kila ilipokaribia, akaupima mwinamo wa mhimili wake, akaona kwamba haupishani sana na ule wa dunia. Na kwa kuwa mwinamo ndio unaoleta majira, akahukumu kwamba Mirihi nayo ina wakati wa joto na wakati wa baridi, ila kila msimu ni mrefu karibu mara mbili ya wa kwetu, kwa sababu mwaka wake ni siku 687. Madoa meupe yaliyometameta kwenye ncha zake mbili aliyaeleza kuwa ni barafu na theluji, inayoongezeka kwa baridi na kuyeyuka kwa joto. Katika makala yake ya mwaka 1784 aliongeza kwamba sayari hiyo ina anga ya kiasi cha kutosha, na kwamba yumkini wakazi wake wanaishi katika hali inayofanana na yetu kwa mambo mengi. Habari ya majira imesimama hadi leo bila ya kutikiswa. Habari ya wakazi iliwapotosha watu kwa muda mrefu mno, kwani tangu siku hiyo kila jambo jipya lililoonekana Mirihi lilitafutiwa mfano wake duniani, na lisilokuwa na mfano likawekwa kando.

Jambo la kwanza kuwekwa kando lilikuwa vumbi. Mwaka 1809, Honoré Flaugergues, mwanafalaki aliyekuwa akikaa Viviers, mji mdogo wa kusini mwa Ufaransa ulio karibu na mto Rhône, aliona juu ya uso wa Mirihi vitambaa vya rangi ya manjano vikipita na kuyafunika madoa meusi aliyoyazoea. Aliyaandika hayo kwa uaminifu, kama alivyoandika mwaka 1813 kwamba weupe wa ncha ya Mirihi unayeyuka kwa haraka ya ajabu, akadhani kwa sababu hiyo kwamba huko kuna joto kuliko huku. Alikuwa na kweli mbili mikononi mwake, na wakati wake haukuwa na maarifa ya kumwezesha kujua thamani yake: vile vitambaa vya manjano vilikuwa vumbi, na ule weupe ulikuwa ukitoweka upesi kwa kuwa sehemu yake kubwa haikuwa theluji ya maji kamwe. Wote wawili, Herschel na yeye, waliona sawasawa. Kilichopungua kilikuwa tafsiri.

Sina haja ya kukaa sana juu ya mifereji, maana habari zake zimesimuliwa mara nyingi. Giovanni Schiaparelli, akiwa Milan mwaka 1877, alichora juu ya uso wa Mirihi mistari mirefu, ndiyo hiyo iliyoitwa mifereji. Na Percival Lowell, tajiri wa Marekani aliyejenga kituo chake cha falaki Flagstaff, Arizona, mwaka 1894, akaifanya mistari hiyo kuwa kazi ya viumbe wenye akili, wanaoyaleta maji ya nchani hadi kwenye mashamba yao ya ikweta. Linalotuhusu ni kwamba mifereji ilihitaji hali ya hewa ya kuiruhusu, na Lowell hakusita kuitoa. Mwaka 1907 alitoa hesabu iliyoipa Mirihi wastani wa joto wa karibu nyuzi 9 za Selsiasi, akaifananisha na kusini mwa Uingereza. Na madoa meusi yaliyokuwa yakikoza rangi kila majira ya kuchipua yalipofika akayaita mimea.

Aliyemjibu alikuwa mzee mwenye umri wa miaka 84, Alfred Russel Wallace, yule yule aliyegundua pamoja na Charles Darwin kanuni ya uteuzi wa asili. Kitabu chake kidogo cha mwaka huo huo wa 1907 kinastahili heshima kuliko kinavyopewa, kwa sababu hakikushindana na macho ya Lowell; kilishindana na hewa yake. Wallace alisema kwamba anga nyembamba haiwezi kulihifadhi joto la jua usiku unapoingia, kwamba sayari iliyo mbali na jua kiasi hicho lazima iwe chini ya kiwango cha kugandisha maji, na kwamba maji yaliyoachwa wazi katika hewa kavu namna ile yangekauka njiani kabla ya kufika shamba lolote. Hakuwa na chombo cha kupimia joto la Mirihi, wala darubini kubwa. Alikuwa na kanuni za joto na hewa, akazifuata mpaka mwisho wake bila ya kuona haya kwa mahali zilikomfikisha. Kwa rai yangu, yeye ndiye mtabiri wa kwanza wa kweli wa hali ya hewa ya sayari nyingine.

Miaka miwili baadaye, tarehe 20 Septemba 1909, Eugène Antoniadi, Mgiriki aliyezaliwa Constantinople, aliielekeza kwa Mirihi darubini ya Meudon karibu na Paris, yenye lenzi ya upana wa sentimita 83, na usiku huo hewa ya Paris ilikuwa imetulia kwa namna isiyopatikana mara nyingi. Mifereji haikuonekana, mahali pake palikuwa na madoa madogo madogo yasiyo na idadi, yasiyo na unyofu wowote. Huyu Antoniadi ndiye aliyeanza kuyashughulikia mawingu ya manjano kwa bidii. Aliyaandika mwaka 1909 na tena mwaka 1924, akaona kwamba aghalabu huzuka wakati Mirihi inapokuwa karibu na jua, yaani wakati joto lake limefikia upeo. Ni maneno machache tu katika kazi kubwa ya maisha yake, lakini ndani yake mna sababu yote.

Vipimo vya joto vilipatikana karibu na mwaka 1924, wanafalaki walipoweka mbele ya nuru ya Mirihi, iliyokusanywa na darubini, nyaya mbili nyembamba za madini mbalimbali zilizounganishwa, ambazo hutoa umeme kidogo sana zinapoguswa na joto. Kazi hiyo ilifanyika Mount Wilson, California, na pia Flagstaff, katika kituo kile kile alichokijenga Lowell, aliyekuwa amekwisha kufariki mwaka 1916. Jawabu lilikuwa kwamba adhuhuri ya ikweta ya Mirihi huweza kuvuka kiwango cha kuyeyusha barafu, lakini alfajiri yake iko makumi ya nyuzi chini ya sifuri. Wallace alikuwa na haki. Hata hivyo, mimea haikuondoka akilini mwa watu. Huko Alma-Ata, Gavril Tikhov alianzisha mwaka 1947 idara ya kuichunguza mimea ya sayari nyingine, akiitafuta rangi yake katika misonobari na mimea ya milima yenye baridi kali.

Mwaka 1956 ulingojewa kwa hamu kubwa. Mwezi wa Septemba Mirihi ilikuwa kilomita milioni 56 na kitu kutoka duniani, na vituo vya falaki vya kaskazini na kusini vilikuwa tayari. Mwishoni mwa Agosti wingu la manjano lilizuka upande wa kusini wa sayari, likapanuka siku hadi siku, hata katika wiki zile zile zilizongojewa uso wote ukafifia kama sahani isiyo na nakshi. Wengi waliuhesabu mwaka huo kuwa hasara. Walikuwa wameitazama, kwa darubini bora zilizopata kutengenezwa na binadamu, tufani ya kuifunika sayari nzima, na masikitiko yao yalikuwa kwamba iliwakinga wasione.

Pigo la mwisho kwa Mirihi ya Lowell lilitoka kwenye sauti ya redio. Chombo cha Marekani, Mariner 4, kiliipita Mirihi tarehe 14 Julai 1965, na njia yake ilikuwa imepangwa kimakusudi ili kipite nyuma ya sayari, mawimbi yake ya redio yakipenya katika anga ya huko kabla ya kukatika. Kwa kupima jinsi mawimbi yalivyopinda, wataalamu walipata mgandamizo wa hewa wa milibari baina ya 4 na 7. Duniani, usawa wa bahari, ni milibari 1,013. Miaka michache kabla ya hapo vitabu vya kuaminika vilikuwa vikitaja milibari 85, na kulikuwa na watu waliochora ramani za vyombo vyenye mbawa vya kutua katika hewa hiyo. Mwaka 1966 Robert Leighton na Bruce Murray wakakamilisha habari kwa hesabu zao: anga ya Mirihi ni hewa ukaa kwa sehemu kubwa, na baridi ya nchani ni kali hata hewa yenyewe huganda na kuanguka chini. Ile theluji ya Herschel inayokuja na kwenda kila msimu ilikuwa ni anga ya Mirihi ikilala ardhini wakati wa baridi na kuamka wakati wa joto.

Sasa nafika kwenye mwaka 1971. Mwezi wa Februari mwaka huo Charles Capen, mtazamaji wa Flagstaff, alionya kwamba Mirihi itakapolikaribia jua huenda tufani kubwa ikazuka. Usiku wa tarehe 22 Septemba picha zilizopigwa katika kituo cha falaki cha Johannesburg zilionyesha wingu jeupe lenye kung'aa juu ya Noachis, nchi ya kusini mwa Mirihi. Kwa muda wa saa chache likaifunika nchi hiyo yote, na kwa muda wa wiki chache likaizunguka sayari. Wakati huo vyombo vitatu vilikuwa njiani: Mariner 9 ya Marekani, na Mars 2 na Mars 3 za Urusi ya Kisovieti. Hapana aliyeweza kuvirudisha.

Mariner 9 ilifika tarehe 14 Novemba, ikawa chombo cha kwanza kuizunguka sayari isiyokuwa dunia. Picha zake za mwanzo hazikuwa na kitu. Tufe lilikuwa na rangi moja pande zote, isipokuwa weupe hafifu wa ncha ya kusini, na karibu na ikweta madoa manne meusi, matatu yakiwa katika safu moja na la nne likiwa peke yake upande wa kaskazini-magharibi. Waongozaji wake, kwa kuwa kompyuta yake iliweza kupokea amri mpya, wakaiahirisha kazi ya kuchora ramani na kuiacha isubiri. Vile vyombo vya Kisovieti havikuwa na nafasi hiyo, kwani kazi yao yote ilikuwa imepangwa tangu duniani. Vikalipiga picha vumbi. Sehemu ya Mars 2 iliyokusudiwa kutua ilianguka na kuvunjika. Ya Mars 3 ilitua salama tarehe 2 Desemba, ya kwanza kufanya hivyo, ikatuma habari kwa sekunde 20 tu, kisha ikanyamaza daima, na tufani ndiyo inayoshukiwa.

Vumbi lilipoanza kutua, yale madoa manne yalifunuka polepole, kutoka juu kwenda chini: yalikuwa vilele vya volkano, virefu hata vikachomoza juu ya tufani. Kilicho kirefu kuliko vyote, Olympus Mons, kina kimo cha zaidi ya kilomita 21. Hiyo ndiyo habari iliyojaza magazeti, na ilistahili. Lakini iliyo kubwa zaidi ilikuwa katika kifaa kingine cha Mariner 9, kilichokuwa kikipima miale ya joto isiyoonekana kwa macho. Kilionyesha kwamba wakati wa tufani hewa ya juu ilikuwa na joto kuliko kawaida na ardhi ilikuwa na baridi kuliko kawaida, na kwamba kadiri vumbi lilivyopungua ndivyo mambo mawili hayo yalivyorejea mahali pake. Vumbi lilikuwa likilinyang'anya jua joto lake kabla halijafika chini. Hewa iliyopashwa moto namna hiyo huvuma kwa nguvu zaidi, nayo ikivuma kwa nguvu huinua vumbi zaidi, na vumbi hilo huipasha hewa moto tena. Na kwa kuwa Mirihi haina bahari ya kulipoza wala mvua ya kulisafisha, tufani haina cha kuizuia mpaka iidhoofishe mizani yake yenyewe. Mirihi inapokuwa karibu na jua hupata nuru iliyozidi kwa asilimia 40 na zaidi ile inayopata inapokuwa mbali, na wakati huo ndio majira ya kuchipua na ya joto ya kusini. Antoniadi alikuwa ameuona mlango, na sasa nyumba ikaonekana.

Ndipo pia mimea ilipokufa. Picha za Mariner 9 zilionyesha michirizi myeusi na myeupe nyuma ya mashimo ya vimondo, yote ikielekea upande mmoja kwa kuifuata njia ya upepo. Carl Sagan na James Pollack walikuwa wamekwisha kusema mwaka 1967 kwamba kukoza kwa rangi ya Mirihi katika majira ya kuchipua ni kazi ya vumbi linalohamishwa na pepo za msimu; sasa ushahidi ulikuwa mezani. Na hao wawili, pamoja na Richard Turco, Brian Toon na Thomas Ackerman, walichapisha mwaka 1983 hesabu juu ya moshi wa miji itakayoungua katika vita vya nyuklia, utakaoifunika dunia na kuitia giza na baridi. Hesabu hiyo ilizua mabishano makali na baadhi ya makadirio yake yalipunguzwa baadaye, lakini iliingia katika mazungumzo ya wakubwa wa dunia wakati wa khofu kubwa, na mmoja wa mizizi yake ulikuwa katika tufani ya 1971.

Taarifa ya hali ya hewa ya kila siku, kama ile tunayoisikia redioni baada ya habari, ilianza kutoka Mirihi mwaka 1976. Chombo cha Viking 1 kilitua tarehe 20 Julai, na Seymour Hess, kiongozi wa wataalamu wa hali ya hewa, akasoma mbele ya waandishi wa habari taarifa ya kwanza: upepo mwepesi uliogeuka baada ya usiku wa manane, joto la karibu nyuzi 86 chini ya sifuri alfajiri na la karibu nyuzi 30 chini ya sifuri alasiri, mgandamizo wa milibari 7.7. Hapakuwa na jambo la ajabu ndani yake, na huo ndio uliokuwa uzuri wake, kwani Mirihi ilikuwa imepata siku ya kawaida. Viking 2, iliyotua Septemba upande wa kaskazini zaidi, ilipiga picha ya jalidi nyembamba iliyoyafunika mawe wakati wa baridi. Vipimo vya miaka vilithibitisha hesabu ya Leighton na Murray, maana mgandamizo wa hewa ulipanda na kushuka karibu kwa robo yake kwa kuifuata hewa inayoganda nchani. Na mwaka 1977 tufani mbili zilipita juu ya vituo hivyo: mbingu ikawa giza, tofauti ya joto la mchana na usiku ikapungua sana, na mapigo ya mgandamizo ya kila siku yakaongezeka. Kwa mara ya kwanza tufani ilipimwa na chombo kilichokuwa ndani yake.

Tangu hapo habari zimekuwa nyingi. Chombo cha Phoenix kiliona mwaka 2008 theluji ya maji ikidondoka kutoka mawinguni. Mwezi wa Septemba 2021 chombo cha Perseverance kilinasa sauti ya kisulisuli kilichopita juu yake, pamoja na mchakacho wa chembe za vumbi zilizokipiga. Visulisuli vya namna hiyo viliwahi kuwa rehema, maana vilipangusa vumbi juu ya paneli za sola za magari madogo ya Spirit na Opportunity, yaliyotua mwaka 2004 kwa kazi ya siku 90. Spirit ilidumu miaka sita. Opportunity iliishi zaidi ya miaka 14, ikaivuka tufani ya 2007, mpaka mwishoni mwa Mei 2018 ilipozuka nyingine iliyokuwa nzito kuliko ile. Habari yake ya mwisho ilifika tarehe 10 Juni: nuru ya jua ilikuwa imekwisha karibu kabisa, na umeme nao. Amri zaidi ya elfu moja zilitumwa kuiamsha, na tarehe 13 Februari 2019 ikatangazwa kwamba kazi yake imekwisha.

Katika miaka ya karibuni, chombo ambacho kazi yake hasa ni hali ya hewa ya Mirihi kimetoka Ghuba. Falme za Kiarabu zilikiita Al-Amal, yaani matumaini. Kilirushwa kutoka Tanegashima, Japani, mwezi Julai 2020, kikaifikia Mirihi tarehe 9 Februari 2021. Njia yake iko mbali na sayari, baina ya kilomita elfu 20 na elfu 43, kwa hiyo huiona mchana na usiku, alfajiri na alasiri, mahali mbalimbali kwa pamoja, ambapo vyombo vya kabla yake aghalabu vilipita juu ya kila nchi kwa saa zile zile za siku. Watu ambao wazee wao waliyajua majira ya kaskazi na kusi hata wakayatumia kufika Zanzibar na Lamu sasa wanaandika majira ya sayari nyingine, nami naona fahari kuyataja hayo katika lugha hii.

Limebaki jambo moja ambalo hadi sasa hapana hesabu iliyolimaliza: kwa nini mwaka mmoja wa Mirihi hupita na tufani ndogo ndogo za nchi moja moja, na mwaka mwingine tufani huifunika sayari nzima. Jawabu linahitaji kumbukumbu ndefu za kila msimu, na katika kuzikusanya mtazamaji mwenye darubini yake nyumbani angali ana nafasi, maana mara nyingi huweza kuliona wingu la kwanza likiwa dogo. Mwezi wa Septemba 2035 Mirihi itakuwa kilomita milioni 57 hivi kutoka kwetu, katikati ya majira yake ya vumbi, na kutoka nchi zetu zilizo karibu na ikweta itapanda juu mbinguni kwa namna wasiyoipata watu wa Ulaya. Darubini ya kioo cha sentimita 20 inatosha kuyaona madoa yake. Basi walimu wa skuli zetu na vijana wapendao elimu ya falaki waanze mapema kujizoeza, wachore wanachokiona kila usiku na kuandika tarehe na saa, na siku ambayo madoa yatafifia wasiufunge ukurasa. Waandike kwamba yamefifia, upande gani, na tangu lini.